Nyumba Inayosubiri Shikamoo

Binti yangu aliacha kutuamkia mwaka ule aliorudi kutoka chuoni kabla ya muhula kwisha. Sikugundua mara moja. Mimi huamka mapema na kunywa chai kwenye benchi la nyuma ya nyumba, karibu na vifaa vyangu vya kazi, na kwa muda nilidhani tunapishana tu. Siku niliyogundua ni siku ambayo mama yake alilisema jambo hilo kwa sauti.

Binti alitoka chumbani, akapita kati yetu kwenda bafuni, taulo begani, macho chini. Mke wangu alikuwa amechutama anapepea jiko la mkaa. Hakuinua kichwa.

"Marahaba!" akasema.

Binti akasimama, akageuka. "Samahani mama. Shikamoo. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nilidhani siku hizi tumekuwa rika."

Nilicheka. Huo ni utani wa kila nyumba hapa Kiseke: mtoto akipita bila salamu, mkubwa anaitikia salamu ambayo haijatolewa. Mtoto anashtuka, anacheka, anaamkia, yanakwisha. Kwetu neno la kwanza la siku ni la mdogo. Mkubwa, hata kama ana la kusema, anasubiri aamkiwe, ndipo mazungumzo mengine yaanze. Nimezaliwa Kagera, nimekulia katika utaratibu huo, na nimezeeka nao hapa Mwanza bila kuwahi kuutazama. Asubuhi ile pia sikuutazama. Nilichokiona ni kwamba binti yangu hakucheka.

Mimi ni fundi wa mafriji na mafriza. Sikusomea ufundi huo popote. Nilijifunza kwa vitabu vya Kiingereza nilivyonunua kwa wauza vyuma chakavu, kamusi ikiwa pembeni, na kwa kufungua mashine zilizokwisha kufa ili nione zilikufa vipi. Kazi hiyo imenipa tabia moja. Sibahatishi. Friza la mfanyabiashara wa samaki aina ya sato likigoma, naanza kwenye soketi, nafuata waya, napima, nakwenda kwenye kompresa, napima tena, na sisogei hatua inayofuata mpaka nimeridhika na iliyotangulia. Wenzangu hunicheka kwamba ni mzito. Lakini nikiondoka, naondoka najua tatizo lilikuwa wapi.

Kwa tabia hiyo, paroko alinifanya mlezi wa vijana wa parokia. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amefariki. Sote tulijua alivyofariki, na kwenye mazishi sote tulisema aliugua ghafla. Baada ya hapo ukatolewa wito wa walezi kwenda kujifunza namna ya kuwasaidia vijana wenye shida za akili na mawazo, na mafunzo yakafanyika kwenye ukumbi mmoja kule Mirongo. Nilikwenda nikiwa nimevaa shati la Jumapili. Wakati huo binti yangu alikuwa bado yuko chuoni, na simu zake zilikuwa fupi. Sikuhusisha mambo hayo mawili.

Mkufunzi wetu alikuwa muuguzi wa afya ya akili, msichana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alianza kwa kutuamkia. "Shikamooni wazazi wangu," akasema, tukamwitikia kwa pamoja, halafu akatufundisha kwa siku kadhaa bila kutuonea haya.

Alitupanga wawili wawili, mmoja awe kijana, mwingine awe mlezi. Mwenzangu alikuwa mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka Nansio, mlezi wa vijana huko kisiwani. Mimi nilianza kuwa kijana.

"Mwanangu, una nini?" akaniuliza.

"Sijisikii kufanya chochote."

"Umekula?"

"Sina hamu."

"Hamu utaitoa wapi na hata kuoga hujaoga? Kaoge kwanza. Ukitoka hapo unywe uji, halafu uende jumuiya ukasali na wenzako, halafu..."

"Mama," muuguzi akamkatiza, "umeshampa kazi ngapi?"

"Hizo si kazi. Ni ushauri."

"Tulikubaliana ushauri tuuache mlangoni. Msikilize tu."

"Sasa mwanangu, mimi nikiacha ushauri nabaki na nini? Si nabaki na ndoo ya samaki tu!"

Ukumbi mzima ulicheka, na yule mama mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Kisha tukafika kwenye somo ambalo hakuna aliyelicheka. Muuguzi alisema kwamba ukiwa na wasiwasi juu ya kijana, umuulize waziwazi kama anawaza kufa. Usizunguke. Tumia neno lenyewe. Katekista mmoja mstaafu akanyoosha mkono.

"Binti, ukimtajia si umempa wazo?"

"Hapana babu. Kama wazo lipo, lipo kabla hujauliza. Ukiuliza, anajua kwamba kwako linaweza kusemwa."

"Na kama halipo?"

"Atakwambia halipo, na utakuwa hujapoteza kitu."

Akatutaka tuulizane kwa sauti. Mama wa Nansio akanitazama, akatazama dari.

"Unawaza... yale mambo?"

"Yataje, mama," muuguzi akasema taratibu.

"Mwanangu, kwetu neno hilo halitamkwi chini ya paa."

Muuguzi hakubishana naye. Alimshika mkono akamtoa nje kwenye jua, na huko nje, sisi tukiwaona kupitia dirishani, yule mama akalitamka. Alirudi macho yakiwa mekundu, akakaa kwenye kiti chake.

Zamu yangu ilipofika, mimi nililisema bila shida. "Unawaza kufa?" Nililisema kwa sauti ya kawaida, nikimtazama usoni, kama tulivyoelekezwa. Muuguzi akawaambia wengine, "Mmemsikia mzee? Hivyo ndivyo." Nilirudi Kiseke nikiwa nimeridhika. Sikutilia maanani kwamba nilimuuliza mtu aliyekuwa anatafuna karanga.

Miezi michache baadaye binti yangu alirudi na sanduku lake, akasema amepumzika masomo. Akaingia chumbani. Alitoka kwa ajili ya bafu, na kwa chakula kama mama yake alimwita sana. Mama yake alipika ndizi na samaki, chakula ambacho mtoto huyu alikuwa akikigombania na kaka zake kabla hawajahamia makwao. Sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda.

Nilisoma. Usiku nilisoma kwenye simu kila nilichokipata juu ya sonona, na yaliyoandikwa kwa Kiingereza niliyafuata kwa kamusi kama zamani. Kila niliposoma dalili, nilimwona yeye. Lakini kitabu cha friji huniambia pa kuanzia. Haya yote hayakuniambia mtu anaanzia wapi asubuhi, kwenye ukumbi wa nyumba yake, na mtoto anayepita na taulo.

Nikaamua kuanzia kwenye neno la kwanza. Nilijiambia: kama yeye hawezi kuanza, nianze mimi. Asubuhi iliyofuata nilimngoja atoke.

"Umeamkaje, mama?" Humwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu.

Akasimama pale pale, kama siku ile ya marahaba ya mama yake. "Samahani baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hapana, sikuwa... nilitaka kujua tu umeamkaje."

"Salama baba. Samahani."

Akaenda zake. Nilijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Nilibadilisha maneno, nilipunguza sauti, siku moja nilisema "Habari yako" nikiwa natazama pembeni ili asihisi anatazamwa. Kila mara alisikia jambo lile lile: kwamba amenipita bila kuniamkia na sasa namkumbusha adabu. Kila nilichokisema kwanza kilikuwa "Marahaba!" ya mama yake kwa nguo nyingine. Mazungumzo yetu yote yalikuwa salamu moja na samahani mbili. Baada ya wiki kadhaa alianza kutega sikio kabla ya kutoka chumbani, na akinisikia nipo ukumbini, alirudi ndani. Hivyo nikawa nimemnyima hata njia ya kwenda bafuni.

"Unamvizia mtoto kama trafiki," mke wangu aliniambia.

"Simvizii. Tulifundishwa tuwe karibu nao."

"Ulifundishwa siku ngapi? Mimi nimemzaa. Mwache apumue."

"Na wewe acha ile marahaba yako."

"Kwa hiyo siku hizi mtoto asiambiwe kusalimia? Akiwa mgonjwa ndiyo awe mpagani?"

Hakusema hivyo kwa ukali. Alisema akiwa anakunja nguo za binti, zile zile alizozifua bila kuvaliwa. Aliamini kwamba siku mtoto atakapoamkia kama zamani, atakuwa amepona, na kwa hiyo aliisubiri salamu hiyo kama mtu anavyosubiri homa ishuke. Mimi nilijua haiko hivyo, na bado nilikuwa naisubiri pamoja naye.

Mara moja nilimwomba anisaidie kazi. Alipokuwa mdogo ndiye aliyenishikia tochi nikifungua kompresa. Alijua niangaziwe wapi kabla sijasema. Niliingiza friza uani mchana, nikamwita, akaja. Akashika tochi. Baada ya muda mwanga ukaanza kuteleza, ukatoka kwenye mashine, ukapanda ukutani, ukakaa huko. Nilimwangalia. Alikuwa anatazama mbele, na mkono wake ulikuwa umesahauliwa hewani.

"Umechoka?"

"Samahani baba," akasema, akaurudisha mwanga.

Swali la Mirongo nilikuwa nalo mdomoni tangu wiki ya kwanza. Nililifanyia mazoezi nikiwa njiani kwenda kwa wateja, kwa sauti, peke yangu. Lakini swali lile linahitaji mazungumzo ya kulitangulia, na mazungumzo yanahitaji salamu, na salamu ilikuwa kwake. Ndivyo nilivyojieleza. Nilikuwa pia naogopa jibu.

Kisha mke wangu akapata msiba kwao Bukoba. Alipanda basi alfajiri, akaniachia maagizo juu ya maharage na ufunguo wa stoo. Mchana wa siku hiyo nilitoka kwenda kununua mkaa. Njiani nikakutana na msichana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari.

"Shikamoo baba," akasema vizuri kabisa, akainama kidogo.

"Marahaba mwanangu."

Begani alikuwa na mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawia. Niliujua. Niliununua mimi, siku binti yangu alipopata nafasi ya chuo.

"Mkoba mzuri," nikasema.

"Dada kanipa asubuhi. Na viatu vyake vya Pasaka. Nikamwambia dada, vitanivuka hivi, miguu yangu midogo. Akasema utakua, vitunze."

Mirongo tulifundishwa juu ya mtu anayegawa vitu vyake anavyovipenda, kwamba huenda anaaga. Nilikuwa nimejibu swali juu ya jambo hilo vizuri mbele ya watu. Nilisimama pale barabarani na mfuko mtupu wa mkaa, na sikuweza kukumbuka kilichofuata. Nikampigia yule muuguzi, nikamweleza.

"Mzee, yuko peke yake sasa hivi?"

"Yuko chumbani kwake."

"Na wewe uko wapi?"

"Barabarani."

"Rudi nyumbani. Muulize."

"Mama yake amesafiri. Anarudi keshokutwa, labda yeye..."

"Baba. Muulize wewe. Sasa. Ukishamuuliza usimwache, nipigie."

Nilirudi mbio, jambo ambalo sijalifanya kwa miaka. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa. Kwetu baba haingii chumba cha binti aliyekua. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa maneno. Ni jambo ambalo mwili unalijua. Hata taa yake ilipoungua, mama yake ndiye aliyetangulia ndani, akatandika kitanda, akafunika kilichotakiwa kufunikwa, ndipo nikaitwa. Nilisimama nje nikaita jina lake. Kitanda kililia. Nikamshukuru Mungu kwa mlio huo.

Nikaenda nyuma, nikachukua stuli yangu ya kazi, nikausukuma mlango na kuiweka kizingitini, miguu miwili ndani, miwili nje. Nikakaa. Alikuwa amelala amejifunika kanga, akitazama ukuta.

"Mama," nikasema, "unawaza kufa?"

Akainuka upesi, akashusha miguu chini, akavuta kanga magotini. "Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba," nikaitikia.

Niliitikia kabla sijafikiri. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya kila siku, na baada yake chumba kikawa kimya kama ilivyo baada ya salamu, pale mkubwa anapotakiwa kusema alichokuja nacho. Swali langu lilikuwa limepita juu yetu likaanguka mahali. Nilielewa kwamba sasa naweza kuinuka, nimwambie nimekuja kuuliza kama atakula maharage, na yeye angenishukuru kwa hilo. Nilielewa pia kwamba sitakuwa na nguvu ya kuketi hapo mara nyingine.

"Nimekuuliza, mama. Unawaza kufa?"

Alitazama vidole vya miguu yake.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu chuoni." Halafu akasema, "Nilidhani unajua baba. Jinsi unavyoniangalia asubuhi."



"Nikilala najiambia kesho nitawaamkia vizuri," akaendelea, akiongea na miguu yake. "Nitasema mapema, kabla hamjaniona. Kunakucha, neno lenyewe silipati. Nalitafuta silipati. Halafu mama anasema marahaba."

Tulifundishwa kwamba hapo unatakiwa kusema asante kwa kuniambia. Nikasema, "Asante kwa kuniambia." Ilitoka kama ninavyomshukuru mteja. Aliitikia kwa kichwa. Baada ya hapo nilikaa. Nilitaka aniambie wapi panauma ili nianze hapo, na yeye alikuwa ameshaniambia, na hapakuwa na pa kuanzia. Alilia kidogo bila sauti. Nilikuwa na hamu ya kumgusa bega, lakini bega lilikuwa ndani ya chumba na mimi nilikuwa mlangoni. Ilinichukua muda mrefu kuisogeza stuli.

Yaliyobaki niliyafanya kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio nilikuwa nao. Nilimpigia muuguzi. Nilitoa ndani ya nyumba vitu ambavyo tulishauriwa vitolewe. Sikumwacha peke yake, na kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali. Daktari alimwita ndani, mimi akaniacha kwenye benchi la korido pamoja na wazazi wengine, kila mmoja akitazama sakafu. Baadaye aliniita akanieleza jina la ugonjwa, akasema dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na kwamba atahitaji pia kurudi kuzungumza na mtaalamu.

"Nitajuaje kwamba zinafanya kazi?" nikauliza. "Mtapima nini?"

"Hakuna cha kupima hivyo, mzee. Atatuambia mwenyewe. Na ninyi mtaangalia."

Mke wangu aliporudi nilimweleza jikoni. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Asubuhi yake binti alipita na taulo. Niliuona mdomo wa mke wangu ukifunguka, kisha ukafungwa. Hajaisema tena marahaba ile. Lakini hatujapata cha kuweka mahali pake. Nyumba yetu ilikuwa na neno la kwanza, sasa haina, na asubuhi tunapishana watu watatu wazima tukiangalia nani atafungua mdomo.

Bado ni mlezi wa vijana. Watu walisikia kwamba nimemuuliza binti yangu lile swali na yuko hai, na sasa wazazi hunisubiri baada ya misa. Mmoja aliniuliza, "Ukishamuuliza akasema ndiyo, unafanyaje?" Nikamtajia hospitali, nikamtajia muuguzi, nikamwambia asimwache peke yake. "Na baada ya hapo?" akasema. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Aliondoka akinitazama kana kwamba namficha kitu.

Binti yangu anakunywa dawa. Anakwenda kuongea na mtaalamu wake, na sijui wanaongea nini. Siku nyingine anakula, siku nyingine hali. Mkoba haukurudi; hatukuuomba. Stuli yangu imehamia karibu na chumba chake, na jioni nakaa kizingitini, mara nyingi bila kusema. Kila baada ya siku chache namuuliza tena, kwa neno lenyewe. Mara anasema ndiyo. Mara anasema kidogo. Halijawa jepesi kama nilivyolisema Mirongo.

Juma hili, asubuhi, nilikuwa kwenye benchi na chai yangu. Mlango ulifunguka. Alikuja mpaka nilipo, ameoga, amejifunga kanga safi, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Shikamoo baba."

Kikombe kilisimama mkononi mwangu. Kutoka jikoni nilimsikia mke wangu akianza kulia kwa furaha, polepole, kama anayeogopa kusikika. Mimi nilikuwa nakumbuka somo jingine, kwamba utulivu wa ghafla unaweza kuwa nafuu, na unaweza kuwa wa mtu aliyekwisha kuamua. Nilimtazama usoni kama ninavyotazama mashine. Uso haukuniambia kitu.

"Marahaba, mama," nikasema.

Akatabasamu, akarudi ndani. Nikaweka chai chini, nikachukua stuli yangu, nikamfuata mpaka kizingitini, nikakaa.